Bei ya Umeme wa Saa Mbili Usiku

Kila jioni, kati ya saa moja na saa tatu, Kenya hutumia umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote. Watu wamerudi nyumbani, taa na runinga zimewashwa, maduka hayajafungwa na viwanda vya zamu ya usiku vimeanza kunguruma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300 kwa mara ya kwanza. Jua huwa limezama, kwa hiyo paneli za Garissa na Uasin Gishu hazitoi hata wati moja. Mvuke wa ardhini wa Olkaria hutumika wote, maji ya mabwawa ya mto Tana huachiliwa yazungushe mitambo, umeme wa Ethiopia huingia kupitia Suswa, na upepo wa Marsabit huvuma unavyotaka wenyewe. Pengo linalobaki huzibwa na mitambo ya mafuta mazito ya Mombasa na Thika, na jenereta ya Muhoroni kwa ajili ya magharibi. Lisipozibika, kuna mitaa inayozimiwa stima.

Ngoja hadi saa tisa za usiku uone mambo yanavyogeuka. Matumizi hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, na huo ndio wakati upepo wa ushoroba wa Turkana unapokuwa mkali. Waongozaji wa gridi hulazimika kuwaambia wenye mitambo ya upepo wapunguze uzalishaji, na huko Olkaria mvuke uliochimbwa kwa gharama kubwa huachwa utoke angani bila kuzungusha chochote. Nchi ileile iliyochoma mafuta saa mbili usiku inamwaga nishati safi saa saba baadaye.

Kenya inasifiwa duniani, na kwa haki, kwa sababu takribani asilimia 90 ya umeme inaozalisha hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ifikapo 2020 ingekuwa asilimia mia. Mwaka huo ukapita. Rais William Ruto akaisogeza shabaha hadi 2030, na Septemba 2023 akawakaribisha viongozi wa bara jijini Nairobi, wakatoka na azimio la kuifikisha Afrika kwenye gigawati 300 za nishati jadidifu ifikapo mwaka huohuo, kutoka gigawati 56 za mwaka 2022. Miezi mitatu baadaye, kule Dubai, mataifa yalikubaliana kuongeza uwezo wa dunia nzima mara tatu.

Naunga mkono kuachana na mafuta, tena kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kuliandika lengo hilo kama asilimia ya chanzo, kisha kuliacha hapo. Asilimia haisemi umeme umefika saa ngapi, umesafiri kutoka wapi, wala ni nani aliyeahidi kuulipia usipotumika. Na hayo ndiyo yanayoamua kiasi cha uniti ambazo mama mboga wa Kawangware anapata anaponunua tokeni ya umeme ya shilingi mia mbili.

Hakuna mradi unaofundisha jambo hili vizuri kuliko ule wa upepo wa Ziwa Turkana. Pale Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, kumesimikwa mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, jumla megawati 310. Mahali penyewe ni zawadi ya jiografia: upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukapita kuelekea ziwa kwa kasi ambayo mitambo mingi ya Ulaya haiioni. Ujenzi ulianza Oktoba 2014, na mwanzoni mwa 2017 mitambo yote ilikuwa imesimama. Tatizo ni kwamba hapakuwa na waya wa kuutoa umeme huo pale. Njia ya kuusafirisha hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la Serikali, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo ikafilisika kabla ya kuimaliza. Wachina wakaimalizia, na umeme ukaanza kupita Septemba 2018.

Kwa muda wote huo, mitambo 365 ilikuwa inangoja na saa ya mkataba inakimbia. Makubaliano yalisema kwamba waya ukichelewa, mwekezaji atalipwa umeme ambao angeuzalisha. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 5, na kiasi kilichosalia kikapandishwa juu ya bei ya kila uniti ili wateja wakilipe polepole. Wakenya walinunua umeme ambao haukuwahi kuwasha balbu hata moja.

Wengi waliopiga kelele wakati ule walimlaumu mwekezaji. Mimi naona mwekezaji alitenda alivyotarajiwa kutenda. Mtambo wa upepo hauna gharama ya mafuta. Karibu gharama yake yote ni mtaji uliokopwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Benki inayokopesha mamilioni ya Yuro kwa mradi ulio jangwani inataka kujua jambo moja tu: fedha zitarudi hata kama mnunuzi hautaki umeme? Ndiyo maana mikataba ya miaka 20 ya namna hii humfunga mnunuzi alipe, achukue au asichukue. Ni sawa na kukodi basi zima la harusi: wageni wakija nusu, mwenye basi bado anadai siti zote. Bila sharti hilo mradi haupati mkopo, na bila mkopo hakuna upepo wala asilimia. Kwa hiyo suala la msingi ni kama mwenye harusi aliwahesabu wageni wake sawasawa kabla ya kutia saini.

Benki ya Dunia ililiona hilo mapema. Mwaka 2012 ilijiondoa kwenye dhamana iliyokuwa iupe mradi wa Turkana, ikihofu kwamba mnunuzi, kampuni ya kusambaza umeme ya Kenya Power, ingelazimika kulipia umeme uliozidi mahitaji. Mradi ulisonga mbele kwa wakopeshaji wengine, na mwaka uliofuata Serikali mpya ya Jubilee ikatangaza mpango mkubwa zaidi: megawati 5,000 za ziada katika miezi 40. Makadirio ya mahitaji yaliyotumika kuuhalalisha yalitegemea reli ya umeme, viwanda vya chuma, miji mipya, bandari ya Lamu na mengine mengi ambayo hayakufika kwa wakati, au hayakufika kabisa. Leo, zaidi ya miaka kumi baadaye, kilele cha nchi nzima kingali karibu nusu tu ya megawati hizo 5,000.

Katika mpango huohuo kulikuwemo mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati zaidi ya 1,000, kwa mkataba wa miaka 25. Wanaharakati wa Lamu waliupinga kwa ajili ya mikoko, samaki na mapafu ya watoto wao, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake. Wachumi wangepaswa kusimama nao bega kwa bega. Kama mtambo ule ungejengwa, kila mwaka nchi ingelipia uwezo wake kwa mabilioni ya shilingi hata makaa yasipowashwa, na mvuke wa Olkaria ungemwagwa zaidi ili kuupisha. Watu wa Lamu waliokoa pochi ya Mkenya pamoja na bahari yao, na sijasikia wakishukuriwa kwa hilo.

Kwenye miradi midogo, chombo kilichotumika kilikuwa bei maalumu iliyopangwa na wizara tangu 2008: leta mradi wako wa jua, upepo au maji, na tutanunua kwa bei hii kwa miaka 20, kwa dola. Nia ilikuwa njema. Lakini bei iliyopangwa mezani haijui soko linakwenda wapi, na paneli za jua zilikuwa zinashuka bei mwaka baada ya mwaka. Waombaji walifurika, na wengine walishika mikataba mkononi wakisubiri vifaa vishuke zaidi huku bei yao ikiwa imefungwa. Mfumo wa mnada, ambapo wazalishaji hushindana nani atauza kwa bei ya chini, uliingia kwenye sera mwaka 2021. Ulichelewa.

Mwaka huo pia jopo lililoongozwa na John Ngumi liliipitia mikataba yote na kugundua jambo lililowashtua wengi: wazalishaji binafsi walitoa takribani robo ya umeme, lakini walichukua karibu nusu ya fedha zote ambazo Kenya Power ilitumia kununua umeme. Kwa haki, sehemu ya mzigo huo ilikuwa ya mitambo ya mafuta inayolipwa kwa kukaa tayari, si ya upepo na jua peke yake. Hata hivyo mikataba yote mipya ilisimamishwa, ya mafuta na ya upepo bila kubagua, na zuio la mwisho liliondolewa na Bunge mwaka 2025. Matumizi yakaendelea kupanda kwa miaka hiyo yote. Hivi ndivyo nchi iliyokuwa na umeme wa ziada ikajikuta inagawa umeme jioni: iliingia mikataba kwa pupa, kisha ikaogopa kuingia mikataba yoyote.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwanasiasa anayetangaza lengo la nishati aifanye kwa mkono wake. Chukua mtambo wa shilingi bilioni 100 utakaolipwa kwa miaka 20. Mkopo ukiwa wa riba ya asilimia 4, malipo ya kila mwaka ni takribani shilingi bilioni 7.4. Riba ikiwa asilimia 12, malipo ni shilingi bilioni 13.4. Mtambo ni uleule, upepo ni uleule, mafundi ni walewale, lakini uniti moja inagharimu karibu mara mbili. Mtambo wa dizeli haupigwi hivyo, kwa kuwa gharama yake kubwa ni mafuta yanayonunuliwa kidogo kidogo. Riba ya juu, kwa maneno mengine, ni ushuru unaotozwa jua na upepo na kuusamehe moshi.

Shirika la Kimataifa la Nishati limeonyesha kwamba gharama ya mtaji kwa miradi ya nishati safi barani Afrika ni mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri. Na kati ya mwaka 2000 na 2020 Afrika ilipata asilimia 2 tu ya fedha zote zilizowekezwa duniani kwenye nishati jadidifu. Mkutano wa Nairobi wa 2023 ulisema waziwazi kuhusu riba na madeni, na hapo ndipo nilipouona uzito wake, zaidi ya kwenye gigawati 300. Anayetaka Afrika ifikie lengo hilo na huku anaikopesha kwa riba ya adhabu hajaliunga mkono lengo hilo.

Sarafu ni nusu nyingine ya jambo hilohilo. Turkana inalipwa kwa Yuro, takribani senti 7.5 kwa uniti katika bei ya msingi. Mikataba mingine mingi ni ya dola. Mkenya analipa kwa shilingi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, shilingi ikiporomoka, Kenya Power ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Mwaka uliofuata shilingi ikapanda kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130, na kampuni hiyohiyo ikatangaza faida ya shilingi bilioni 30. Menejimenti haikubadilika kuwa malaika ndani ya miezi kumi na miwili. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na sarafu. Tazama kwenye ujumbe wa tokeni: kuna mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni, tofauti na ule wa mafuta. Huo ndio mlango ambao mkopo wa Ulaya unaingilia jikoni kwako.

Ulaya yenyewe ilipita njia ndefu na malengo haya, na wachumi wake waligombana sana. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2009 kwamba ifikapo 2020 asilimia 20 ya nishati yake iwe jadidifu, na sambamba na hilo ulikuwa tayari na soko la vibali vya kutoa hewa ukaa, lenye kikomo kilichowekwa kisheria. Wapinzani walisema: kama kikomo cha hewa ukaa kipo, kila mtambo wa upepo wa Ujerumani unaachia vibali, na kiwanda cha Polandi kinavinunua kwa bei nafuu, hewa chafu ni ileile, gharama ndiyo imeongezeka. Kwa miaka kadhaa hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mwaka 2013 kibali cha tani moja kiliuzwa kwa chini ya Yuro 3, bei isiyoweza kumzuia mtu yeyote kuchoma makaa, ingawa mdororo wa uchumi nao ulichangia sana.

Walichokosa kukiona wapinzani hao ni kwamba Wajerumani walikuwa wananunua kitu kingine. Kila kaya ya Ujerumani ililipa tozo ya nishati jadidifu kwenye bili, iliyofikia kilele cha senti 6.88 za Yuro kwa uniti mwaka 2017, hadi ilipofutwa Julai 2022. Fedha hizo ziliwapa watengenezaji wa paneli, hasa wa China, soko la uhakika la kujifunzia. Bei ya paneli ikaanguka kwa karibu asilimia 90 katika muongo mmoja. Mtambo wa jua wa Garissa, megawati 54.6, uliojengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa Desemba 2019, ulinunua paneli ambazo bei yake ilikuwa imeshushwa na mlipa bili wa Hamburg. Hilo lilikuwa lengo ghali, na kwa dunia nzima lilikuwa na thamani kubwa kuliko gharama yake. Nchi tajiri ndizo zinazostahili kulipia aina hiyo ya masomo.

Kenya haimo katika hali hiyo. Haina kikomo cha hewa ukaa kinachohamisha vibali kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa hiyo kila uniti ya mvuke inayochukua nafasi ya mafuta mazito ni upungufu wa kweli wa moshi. Kabla ya Olkaria IV kuwashwa mwaka 2014, mafuta yalitoa zaidi ya robo ya umeme wa nchi. Leo ni chini ya sehemu moja ya kumi. Hiyo ilikuwa hatua nzuri kwa hali ya hewa na kwa bili pia. Lakini Kenya inatoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa ukaa ya dunia, na ile sehemu ya mwisho ya umeme wake inayotokana na mafuta ndiyo ghali kuliko zote kuiondoa, kwa sababu ndiyo inayowaka saa mbili usiku, mahali ambapo waya hautoshi.

Hapa ndipo lengo la asilimia linapopotosha zaidi. Ukimwambia waziri kwamba anahitaji asilimia kumi zaidi za umeme jadidifu, jibu jepesi ni kujenga mtambo mwingine wa jua: unajengwa haraka, unapigwa picha vizuri. Lakini jua jingine la mchana haliizimi Muhoroni. Muhoroni huwashwa kwa sababu njia za kupeleka umeme kutoka Olkaria hadi Kisumu na maeneo ya magharibi hazibebi mzigo wa jioni. Anayetaka mafuta yazimwe pale anahitaji nyaya, transfoma na hifadhi ya umeme, yaani betri au maji yanayopandishwa mlimani mchana na kuteremshwa usiku. Hivi vyote haviongezi hata megawati moja kwenye takwimu ya vyanzo jadidifu, na ndiyo maana havipati wa kuvikatia utepe.

Udhaifu wa nyaya umeshatugharimu waziwazi. Agosti 2023 nchi ilizama gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Septemba 2024 ikatokea tena: njia ya Loiyangalani hadi Suswa ilijikata ikiwa imebeba megawati 288 za upepo, ile ya Ethiopia ikafuata, na kwa dakika chache zaidi ya robo ya umeme wote wa nchi ikapotea. Mitambo ya upepo haikuwa na kosa pale. Nchi ilikuwa imeegemeza mzigo mkubwa kwenye njia moja isiyo na mbadala. Jaribio la kumkabidhi mwekezaji binafsi kutoka India ujenzi wa njia mpya lilizimika Novemba 2024, Rais alipofuta mkataba wa Adani baada ya mashtaka kufunguliwa Marekani. Nadhani kufutwa kule kulikuwa sahihi. Nyaya zenyewe bado zinahitajika.

Majirani wanakijua kilio hiki. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, linalozidi mahitaji yake ya kawaida. Hata hivyo Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa kuusafirisha kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro kunapoteza mwingi njiani. Baadhi ya Watanzania walikasirika. Kiuchumi mpango ule una mantiki, kwani umbali nao ni gharama, na mpaka wa nchi haupunguzi upotevu kwenye waya.

Wakati Serikali inahesabu asilimia, wenye viwanda wanahesabu shilingi. Mapaa ya maghala ya Athi River, mashamba ya maua ya Naivasha, vyuo na maduka makubwa yamejaa paneli zao wenyewe. Uwezo wa mitambo ya binafsi ya kila aina, si ya jua tu, umevuka megawati 500. Kwa hali ya hewa ni habari njema. Kwa Kenya Power ni msiba unaokuja polepole: mteja mkubwa anajitosheleza mchana kwa jua lake, anarudi kwenye gridi jioni, saa ambayo umeme ni ghali kuliko zote, na gharama za mikataba ya miaka 20 zinabaki palepale zikigawanywa kwa uniti chache zaidi. Anayebaki kuzibeba ni asiye na paa la kuwekea paneli, mpangaji wa chumba kimoja Kayole au Likoni. Aprili 2023 kiwango cha bei nafuu kwa wenye matumizi madogo kilishushwa kutoka uniti 100 hadi uniti 30 kwa mwezi. Familia yenye jokofu haiwezi kuishi ndani ya uniti 30.

Halafu kuna jambo ambalo takwimu ya umeme hailigusi kabisa. Umeme ni sehemu ndogo tu ya nishati inayotumika Kenya. Karibu asilimia 68 ni kuni na makaa, yanayopikia chakula cha watu wengi zaidi mijini na vijijini. Nchi inaweza kutangaza asilimia mia ya umeme jadidifu huku moshi wa jikoni ukiendelea kuwaua akina mama, na misitu ya Kitui na Narok ikiendelea kupakiwa kwenye magunia. Ule mvuke unaomwagwa saa tisa usiku ungeweza kuchaji pikipiki za umeme za bodaboda, na mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme iliwekwa, shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku. Hiyo ndiyo sera ninayoipenda kuliko hotuba zote za asilimia mia, kwa sababu inaiuza saa iliyokuwa inatupwa. Ipanuliwe ifike kwenye kupikia: sufuria ya umeme ya presha hupika maharagwe kwa uniti chache mno, na mtu anayelipa makaa ya shilingi mia kila siku angelihama jiko lake kesho kama bei ya alfajiri ingemfikia na sufuria ikauzwa kwa malipo ya polepole.

Wala bei si fedha tu. Mradi wa Turkana ulikodi ekari 150,000 za malisho ya jamii za Marsabit, ingawa mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo yake, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati zilitolewa kinyume cha sheria. Umeme ukapita juu ya vichwa vya wafugaji kuelekea Nairobi, huku mji wa Marsabit ukiendelea kutegemea jenereta za dizeli hata baada ya mitambo kuanza kazi. Yule aliyetoa ardhi hakuingizwa kwenye hesabu ya uniti. Angeingizwa, uniti ingepanda bei kidogo, na ingekuwa bei ya haki.

Kwa hiyo ningependa lengo la 2030 liandikwe upya. Liseme: ifikapo mwaka huo, hakuna mtambo wa mafuta utakaowashwa jioni ya siku ya kawaida, na hapa kuna orodha ya nyaya na hifadhi zitakazofanya hivyo. Liseme umeme unaopotea njiani, ambao sasa ni zaidi ya moja ya tano ya unaonunuliwa, ushuke hadi kiasi gani. Litaje bei ya uniti kwa mwenye kipato cha chini na idadi ya majiko ya makaa yatakayozimwa. Na liseme kila mkataba mpya utapitia mnada na kuwekwa hadharani kabla ya saini, si baada ya jopo lingine.

Kipengele kimoja katika mikataba hiyo kinanigusa kuliko vyote: kile cha baada ya deni kulipwa. Mabwawa ya mto Tana yalijengwa kwa mikopo iliyokuwa mizito kwa wakati wake: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mikopo ya mwanzo ilikwisha kulipwa, mali ikabaki mikononi mwa mashirika ya umma, na umeme wake leo ni miongoni mwa ulio nafuu kuliko wote kwenye gridi. Upepo na jua vina tabia hiyohiyo: miaka ya deni ni ghali, miaka baada ya deni ni karibu bure. Mkataba wa Turkana utakwisha mwishoni mwa miaka ya 2030. Mnunuzi atakuwa ameulipa mtaji wote pamoja na riba yake. Kamati ya Bunge ya Nishati inapopitia mikataba mipya baada ya zuio kuondolewa, iangalie ukurasa unaosema nini kitatokea mwaka wa 21: ni nani atakayemiliki mitambo, nani atavuna ile miaka nafuu, na jamii iliyotoa ardhi itapata fungu gani. Ukurasa huo ukiwa mtupu, mkataba urudishwe bila kutiwa saini.